Hub van Doorne: Mtoto wa mhunzi aliyetuletea gari lisilobadilisha gia

Kama unakaa Embulbul na umeanza kuweka akiba ya gari, onyo unalijua tayari. Unaambiwa chukua chochote, lakini usiguse CVT. Eti hiyo giaboksi ni ya kwenda sokoni tu. Iwekee injini kubwa, au rudi nayo kutoka Magadi ukipanda Kona Baridi gari likiwa limejaa, uone itakavyokuaibisha. Kabla hujakubali wala kukataa, wacha nikujuze kwa mzee mmoja Mholanzi aliyeileta hii kitu barabarani. Swali lako la kama CVT inabeba nguvu lilimsumbua mpaka uzeeni.

Hubert van Doorne, maarufu kama Hub, alizaliwa tarehe 1 Januari 1900 katika kijiji kinachoitwa America. Usichanganyikiwe, hiki ni kijiji cha Uholanzi, kule Limburg. Baba yake alikuwa mhunzi, kwa hivyo Hub alikua akisikia nyundo na kunusa moshi wa makaa. Digrii ya uhandisi hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni mikono, na jicho la kugundua haraka mashine inaumwa wapi.

Mikono hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango. Mjini Eindhoven kulikuwa na tajiri wa kiwanda cha bia, jina lake Huenges, ambaye gari lake lilimsumbua. Hub akalitengeneza likatulia. Tajiri akaona huyu kijana si wa kuachwa hivi hivi, akampa mtaji, na mwaka wa 1928 Hub akafungua karakana ndogo kwenye uwanja wa kiwanda hicho cha bia. Ndugu yake Wim akaja kushika upande wa biashara. Walianza na kazi za chuma na kuchomelea, wakaingia kwenye trela, na mwaka wa 1932 jina DAF likazaliwa. Malori yakafuata mwaka wa 1949. Ndiyo, ni DAF hiyo hiyo unayoipisha Mombasa Road ikivuta kontena.

Mtu mwingine angetosheka hapo. Lakini Hub alikuwa na swali: kwa nini mtu wa kawaida ahangaike na klachi na gia ndiyo aendeshe gari? Mashine nyingi za karakana za enzi zake zilizungushwa na mikanda, na kila fundi alijua kwamba ukibadilisha ukubwa wa puli unabadilisha mwendo. Je, kama puli yenyewe ingeweza kunenepa na kukonda gari likiwa linatembea?

Jibu lake lilionyeshwa Amsterdam mwaka wa 1958, ndani ya gari dogo la DAF 600. Injini ilikuwa ya sisi 590, nguvu za farasi 22 pekee. Mfumo wenyewe aliuita Variomatic. Piga picha puli mbili zilizounganishwa na mkanda, kila puli ikiwa na koni mbili zinazotazamana. Koni zikisogeleana, mkanda unapanda juu na kuzunguka duara kubwa. Zikiachana, mkanda unazama na duara linakuwa dogo. Hakuna gia ya kwanza wala ya pili, ni mteremko mmoja laini kutoka mwendo wa chini hadi wa juu.

Watu walilinunua, na watu walilicheka. Likaitwa gari la akina nyanya. Tena kwa vile liliweza kurudi nyuma kwa kasi sawa na ya kwenda mbele, Waholanzi walilifanyia hadi mashindano ya kurudi kinyumenyume! Kampuni ikajaribu kufuta hiyo sifa. Mwaka wa 1968 DAF 55 iliingia mbio za kutoka London hadi Sydney, ikamaliza nambari 17 kati ya magari 98 yaliyoanza. Lakini ile sifa ya unyonge haikubanduka.

Na hapa ndipo ninampendea huyu mzee. Hakubishana na waliomcheka. Alijua mkanda wa mpira una mwisho wake, kwamba injini ikikua sana unateleza, unapata moto, unakwisha. Kwa hivyo mwaka wa 1972, akiwa na miaka zaidi ya 70, umri ambao wengi wanahesabu wajukuu, akaanzisha kampuni nyingine ya kutengeneza mkanda wa chuma. Huu ulikuwa na mamia ya vipande vyembamba vilivyopangwa kwenye pete za chuma. Mkanda wa mpira huvuta, huu wa Hub ulisukuma. Magari madogo ya DAF yalichukuliwa na Volvo mwaka wa 1975, naye Hub akafariki Mei 1979. Hakuwahi kuona Subaru Justy, iliyoingia sokoni mwaka wa 1987 ikiwa na mkanda wa aina hiyo.

Wala hakuona mwaka wa 1993. Mwaka huo timu ya Williams ya Formula One ilifunga CVT yenye mkanda wa chuma kwenye gari lake la FW15C, nyuma ya injini ya Renault yenye nguvu za farasi zaidi ya 700. David Coulthard akalijaribu. Halikushindana hata siku moja, kwa sababu kanuni za mwaka wa 1994 zilipiga marufuku CVT. Kitu cha akina nyanya kilifungiwa mlango kabla hakijaingia uwanjani.

Basi CVT inabeba nguvu ama haibebi? Inabeba, lakini angalia nguvu ya aina gani. Mkanda hauhesabu farasi, unasikia msokoto, ile mafundi huita toki. Formula One hupata farasi wake kwa kuzunguka haraka sana. Lori la DAF XF 105 lina msokoto wa hadi nyutonimita 2,500, ndiyo maana lori la kampuni ya Hub mwenyewe linatumia gia za kawaida. Msokoto ukipanda, puli lazima zibane mkanda zaidi, na kubana huko kunakula nguvu ya injini. Zikibana kidogo, mkanda unateleza na kuchubua chuma. Ila ikijengwa kwa kazi hiyo, CVT inaweza: Subaru WRX S4 ya mwaka wa 2014 ilitoka na farasi 300 na nyutonimita 400, ikitumia mnyororo badala ya mkanda.

Sasa rudi kwa akiba yako. CVT ya gari dogo imepimiwa injini ya gari hilo, si zaidi. Ukiichokoza injini ili uwafuate vijana wa Subaru, umeuvunja huo mkataba. Ukivuta trela zito, vilevile. Na ukiweka oili ya otomatiki ya kawaida kwa sababu ni rahisi, chuma kinakosa mshiko wake na kinaanza kuteleza hata kwa mzigo mdogo. Kwa hivyo ukipata gari unalolipenda, muulize muuzaji oili ya giaboksi ilibadilishwa lini, na ni oili gani iliyowekwa. Akikosa jibu, shikilia pesa zako.