John Snow na Maji ya London

Je, umepata kusikia habari za kipindupindu? Mgonjwa huharisha na kutapika hata mwili ukaishiwa maji. Asipotibiwa upesi, huweza kufa kwa muda wa saa chache. Leo twajua ya kuwa ugonjwa huu huenezwa kwa maji na chakula vilivyochafuliwa kwa kinyesi cha mgonjwa. Sasa soma habari za mtu aliyetusaidia kulijua jambo hili.

John Snow alizaliwa mwaka 1813 katika mji wa York, Uingereza. Baba yake alikuwa kibarua. Alipokuwa na umri wa miaka 14 alianza kujifunza udaktari. Kipindupindu kilipoingia Uingereza mwaka 1831, kijana huyo alitumwa kuwauguza wachimbaji wa makaa ya mawe.

Siku hizo madaktari wengi waliamini kuwa kipindupindu huletwa na hewa yenye harufu mbaya. Snow alidhani kuwa huingia mwilini kwa kinywa. Lakini kudhani si kujua. Ilimpasa kupata ushahidi.

Mwaka 1854 ugonjwa ulizuka tena London. Kusini mwa mji, kampuni mbili ziliuza maji. Kampuni ya Southwark and Vauxhall ilivuta maji ya mto Thames ndani ya mji, mahali palipomwagwa uchafu wa vyoo. Kampuni ya Lambeth ilikuwa imehamia upande wa juu wa mto mwaka 1852, ambako uchafu wa mji haukufika. Mabomba yao yalipita katika mitaa ile ile. Matajiri na maskini walikuwamo katika kila kundi, na wote walivuta hewa moja. Tofauti yao kubwa ilikuwa maji.

Snow, akisaidiwa na daktari mwenzake, alikwenda katika nyumba zilizofiwa kuuliza maji yalitoka kampuni gani. Wenyeji wasipojua, alipima chumvi iliyomo majini, maana maji ya Southwark and Vauxhall yalikuwa na chumvi nyingi zaidi. Kisha akahesabu vifo vya wiki saba:

Southwark and Vauxhall: nyumba 40,046, vifo 1,263.
Lambeth: nyumba 26,107, vifo 98.

Angalia vizuri. Haifai kulinganisha vifo peke yake, kwa kuwa idadi ya nyumba haikuwa sawa. Kwa hiyo Snow alitafuta vifo kwa kila nyumba 10,000. Akapata 315 katika kundi la kwanza, na 37 katika kundi la pili. Kundi la kwanza lilizidi la pili zaidi ya mara nane!

Snow alifariki mwaka 1858, akiwa na umri wa miaka 45, na madaktari wengi walikuwa bado hawajamwamini. Mwaka 1884 Robert Koch, mwanasayansi wa Ujerumani, alieleza kijidudu kinacholeta kipindupindu. Hata leo wanasayansi hufuatilia makundi ya watu, wakahesabu na kulinganisha, ili kujua chanzo cha ugonjwa.

Maswali

1. Kwa nini ilifaa kwamba makundi yote mawili yaliishi katika mitaa ile ile?
2. Kijiji kimoja kina nyumba 200 na wagonjwa 10. Kingine kina nyumba 50 na wagonjwa 5. Tafuta wagonjwa kwa kila nyumba 100. Ni kijiji kipi kilichopatwa zaidi?
3. Kwa nini twachemsha maji ya kunywa?