Joho la Tippu Tip

Kila niitazamapo picha ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, jicho langu huanza na mavazi: kanzu, joho na kilemba. Kwetu pwani hayo ni mavazi ya muungwana. Alifanya biashara ya pembe na watumwa hadi Kongo, akafanywa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887, akafariki Unguja mwaka 1905.

Lakini kwa desturi ya zama zile, mtumwa hakufunika kichwa wala hakuvaa viatu. Sheria ya 1897 ilipoanza kuufuta utumwa Unguja, walioachwa huru walijivika kanzu na kofia. Basi, ndugu msomaji, katika picha za kale tusihesabu joho tu. Tuwakumbuke na walionyimwa kofia.