Jean Rouch, muzungu aliyerudisha filamu kwa wenyewe

Kule Ayorou, kijiji cha wavuvi kando ya muto Niger, watu walikusanyika usiku mumoja kuangalia sinema. Filamu ilikuwa yao wenyewe: uwindaji wa kiboko uliopigwa picha pale pale mwaka wa 1951. Walianza kujitambua. Huyu ni fulani, yule ni fulani. Na walipoona sura za watu waliokuwa wamekufa tangu wakati ule, wakalia.

Kisha wawindaji wakaleta malalamiko. Mwenye filamu alikuwa ametia muziki kwenye sehemu ambapo kiboko anafukuzwa. Ulikuwa wimbo wa wawindaji wa huko huko, alizani utawafurahisha. Wakamueleza kwamba kiboko iko na masikio makali hata chini ya maji: ukipiga muziki pale, anakimbia. Uwindaji unafanywa kimya. Muzungu akasikiliza, na ule muziki akautoa.

Muzungu yule njo Jean Rouch, Mufaransa aliyepiga filamu zaidi ya mia moja, nyingi katika Afrika ya Magharibi. Wakaaji wa mashariki ya Congo wanaweza kuelewa haraka uzito wa usiku ule. Kamera zimefika mara nyingi kwenye kambi za wakimbizi na kwenye machimbo. Mama anapigwa picha, anaeleza mateso yake, gari linaondoka, na ile filamu hataiona hata siku moja. Rouch alianza kurudisha filamu kwa wenyewe zaidi ya miaka 70 iliyopita.

Alizaliwa Paris tarehe 31 Mei 1917 na akasoma kazi ya barabara na madaraja. Mwaka wa 1941, Ufaransa ikiwa chini ya Wajerumani, akaenda Niger kama enjenia. Siku moja radi ikapiga shantie yake, ikaua wafanyakazi kumi. Kati ya watu wake kulikuwa kijana wa kabila la wavuvi Wasorko, jina lake Damouré Zika. Huyu akamupeleka kwa bibi yake Kalia, aliyejua mambo ya mizimu ya radi na ya maji, na bibi akafanya sherehe kwa ajili ya wale marehemu. Rouch aliangalia yote. Tangu pale barabara hazikumuvuta tena sana kama mila za watu.

Mwaka wa 1946 alirudi na rafiki zake wawili, wakashuka muto Niger kwa mutumbwi hadi baharini. Alikuwa amenunua kamera ya milimeta 16 iliyokwisha tumika. Miguu ya kuisimamisha ikapotea majini, basi akaanza kupiga picha kamera ikiwa mukononi, akitembea nayo kati ya watu. Shida ile ikawa namna yake ya kazi hadi mwisho.

Lakini si kila filamu yake ilipokelewa kama ile ya kiboko. Mwaka wa 1954, karibu na Accra, makuhani wa Wahauka walimuomba apige sherehe yao. Wahauka walikuwa watu wa Niger waliohamia huko kutafuta kazi. Mizimu yao haikuwa ya mababu, ilikuwa ya wakoloni: gavana, jenerali, dereva wa treni. Watu wanatoa povu mudomoni, wanaamuru kama wakubwa, wanachinja mbwa na kumula. Kesho yake wanarudi kazini, watulivu kabisa. Rouch alionyesha filamu hiyo Paris, na watu wakakasirika, wazungu kwa Waafrika. Mwalimu wake Marcel Griaule alitaka iharibiwe. Waingereza wakaikataza kule Gold Coast, maana waliona wakubwa wao wanachekwa. Waafrika nao waliogopa kwamba mutu wa Ulaya ataona tu povu na nyama ya mbwa. Kusema kweli, woga huo ulikuwa na sababu. Wenye sherehe walikubali, lakini wale watakaoangalia mbali hawajui chochote juu yao.

Mwaka wa 1958 ikatoka filamu kuhusu vijana wa Niger waliokuwa wakihangaika kutafuta kazi ya siku Treichville, mutaa wa Abidjan. Vijana walicheza maisha yao wenyewe, kisha mumoja wao, Oumarou Ganda, akatia maneno yake juu ya picha. Ganda alikuwa amepigana vita vya Indochina katika jeshi la Ufaransa. Baadaye akashika kamera mwenyewe, akaeleza maisha ya askari kama yeye kwa namna yake, na mwaka wa 1972 akapata zawadi kubwa ya FESPACO kule Ouagadougou.

Mwaka wa 1960 Rouch akageuza kamera kwa watu wa kwao, pamoja na Edgar Morin. Walizunguka Paris wakiuliza watu kama wako na furaha. Katika filamu hiyo vijana weusi na weupe wanaketi pamoja wanazungumza juu ya machafuko ya Congo, iliyokuwa ndiyo tu imepata uhuru. Na hapa pia, mwishoni, waliopigwa picha wanaonyeshwa filamu na wanaikosoa.

Mwaka wa 1965 Ousmane Sembène, mwenye filamu wa Senegal, alimuambia uso kwa uso kwamba anaangalia Waafrika kama vile mutu anaangalia wadudu. Rouch alijitetea, lakini neno hilo lilimufuata maisha yote.

Alikufa katika ajali ya gari usiku wa tarehe 18 Februari 2004, karibu na Konni, Niger, akiwa na miaka 86. Alizikwa Niamey. Damouré Zika, rafiki yake wa miaka zaidi ya 60, aliyekuwa amejulikana pia kama sauti ya redio nchini mwake, alimufuata mwaka wa 2009.