Padre John Anthony Kaiser: Damu Ambayo Bado Haijapata Jibu

Kila mwaka, tarehe 24 Agosti, Mama Kanisa anaadhimisha Sikukuu ya Mtakatifu Bartolomeo, Mtume na Mfiadini. Kwa waamini wa Kenya tarehe hiyo imebeba kumbukumbu nyingine. Asubuhi ya siku hiyo, mwaka 2000, mwili wa Padre John Anthony Kaiser, wa Shirika la Wamisionari wa Mtakatifu Yosefu wa Mill Hill, ulikutwa kando ya barabara kuu ya Naivasha kwenda Nakuru, mahali paitwapo Morendat. Alikuwa amepigwa risasi kichwani. Alikuwa na umri wa miaka 67. Hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani kwa kifo chake, na ndiyo maana tunaona ni wajibu wetu kuyasimulia maisha yake tena, hata kwa wale waliokwisha kuyasikia.

Padre Kaiser alizaliwa mwaka 1932 katika jimbo la Minnesota, Marekani. Kabla ya kuitikia wito wa upadre alitumikia jeshi la nchi yake akiwa askari wa miavuli. Alipewa Daraja Takatifu ya Upadre mwaka 1964, na mwaka huohuo akatumwa Kenya, nchi iliyokuwa ndiyo kwanza imepata uhuru. Kwa karibu miaka 30 alilichunga kundi la Mungu katika Jimbo la Kisii. Alijenga makanisa kwa mikono yake mwenyewe, akavifikia vigango vya mbali kwa pikipiki, na mara nyingine aliwinda ili maskini wa parokia yake wapate kitoweo. Alikuwa mtu mrefu, mwenye nguvu, na mgumu kurudi nyuma pale alipoamini kwamba haki iko upande wake.

Mwaka 1993 alihamia Jimbo la Ngong, chini ya Askofu Colin Davies. Huko alikutana na jambo lililogeuza maisha yake. Wakati wa mapigano ya kikabila ya miaka hiyo, maelfu ya watu walifukuzwa kutoka mashamba yao ya Enoosupukia, wengine wakauawa, na walionusurika wakakusanyika katika kambi ya Maela, karibu na Naivasha. Padre Kaiser aliishi nao, akawaadhimishia Misa Takatifu, akagawana nao baridi na matope. Zilipokaribia siku za Noeli mwaka 1994, serikali ilituma malori usiku, ikawabeba wakimbizi hao na kuwatawanya, kisha kambi ikafungwa. Padre alipopinga, askari walimwondoa kwa nguvu.

Tangu hapo hakukubali kwamba yaliyotendeka Maela yaishie Maela. Akiwa paroko wa Lolgorien, katika eneo la Transmara, aliendelea kuandika na kukusanya habari za walionyang'anywa ardhi na waliopoteza ndugu zao. Mwaka 1999 alifika mbele ya Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa kuchunguza mapigano hayo, na pale, hadharani, akawataja kwa majina viongozi wenye vyeo vya juu serikalini. Alisimama pia upande wa wasichana waliolalamika kwamba wamedhulumiwa na mwenye mamlaka. Mwaka huohuo serikali ilitaka aondoke nchini kwa sababu ya kibali chake cha kazi. Kanisa na wananchi walipaza sauti, naye akaruhusiwa kubaki. Mwaka 2000 Chama cha Mawakili cha Kenya kilimtunuku kwa utetezi wake wa haki za binadamu. Alijua kwamba maisha yake yako hatarini, na aliacha andiko la kumbukumbu zake ambalo lilichapishwa baada ya kifo chake.

Miezi michache baadaye aliuawa. Bunduki iliyokutwa karibu naye ilikuwa yake mwenyewe. Wachunguzi wa shirika la upelelezi la Marekani, FBI, waliokuja kusaidia, walitoa ripoti mwaka 2001 iliyoelekea kusema kwamba alijiua, wakizingatia maradhi ya akili aliyowahi kutibiwa zamani. Hatuoni sababu ya kulificha jambo hilo. Kuugua si aibu, wala hakuondoi heshima ya padre. Lakini Maaskofu wa Kenya na watu waliomfahamu hawakuikubali ripoti hiyo. Waliendelea kudai uchunguzi wa wazi mbele ya hakimu, wakaupata mwaka 2003. Mwezi Agosti mwaka 2007, baada ya kusikiliza mashahidi wengi, hakimu aliamua kwamba Padre Kaiser hakujiua, bali aliuawa, akaagiza upelelezi uendelee ili wahusika wajulikane. Wahusika hao hawajafikishwa mahakamani.

Wapendwa, tunapaswa kuupima uzito wa uamuzi huo. Haukumpeleka mtu gerezani. Hata hivyo uliufuta uongo, na uongo huo haungefutika kama watu wangenyamaza baada ya ripoti ya kwanza. Ilichukua miaka 7 ya kuomba, kuuliza na kurudi kuuliza tena. Hiyo ndiyo kazi ya kumbukumbu pale ambapo haki imechelewa.

Kuna msemo tunaoupenda: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni msemo mzuri baina ya majirani waliogombana na kupatana. Lakini ukitumiwa juu ya kaburi la mtu aliyeuawa, unakuwa kifuniko. Hakuna mganga awezaye kuganga jeraha ambalo mgonjwa amekatazwa kulionyesha. Msamaha wa Kikristo hauombi tusahau. Mungu mwenyewe alimwuliza Kaini habari za ndugu yake. Tunawaombea wauaji toba, na kwa moyo huohuo tunaomba ukweli ujulikane.

Padre Kaiser alizikwa Lolgorien, kati ya watu aliowatumikia. Kumkumbuka yeye peke yake, hata hivyo, kungekuwa kumsahau, kwa kuwa aliuawa akiwa amewabeba wengine: wale wa Enoosupukia na Maela ambao majina yao hayajulikani na wengi. Kila parokia ina marehemu wa namna hiyo: aliyekutwa asubuhi kando ya njia, ambaye jalada lake lilifungwa na hakuna anayeuliza tena. Tuwaandike katika nia zetu za Misa mwezi wa Novemba, kwa majina yao. Tuwatembelee wajane, wagane na yatima wao. Na aliye na jambo analolijua, alipeleke panapostahili, asikae nalo mpaka kaburini.

Tumwombee Padre John Anthony Kaiser pumziko la milele, pamoja na wote ambao damu yao bado inangoja jibu.