Jomo Kenyatta aliwasamehe maadui Nakuru. Na marafiki je?

Kura zikishahesabiwa, si unajua kinachofuata? Grupu la WhatsApp la mtaa linanyamaza kidogo, halafu linachafuka. Huyu anatoka, yule anaondolewa, na jirani mliyekuwa mkiazimana jembe anaanza kukusalimu kwa mbali. Kabla hujamfuta mtu kwenye simu yako, hebu nikupe maisha ya mzee mmoja. Sura yake umeiona kwenye sarafu za zamani, na siku moja ya maana sana maishani mwake aliipitisha Nakuru mjini, mwendo wa matatu tu kutoka kwetu Kabazi.

Jomo Kenyatta alizaliwa Kiambu miaka ya 1890, enzi ambazo hakuna aliyeandika tarehe. Aliitwa Kamau wa Ngengi. Alisoma kwa wamishonari Waskoti kule Thogoto, kisha akapata kazi Nairobi ya kusoma mita za maji. Mwaka 1928 akawa katibu mkuu wa Kikuyu Central Association, na 1929 akapanda meli kwenda London kudai mashamba ya watu wake. Alirudi, akaenda tena 1931, na safari hiyo akakaa miaka 15. Alirejea 1946, na mwaka uliofuata akachaguliwa rais wa chama cha KAU.

Oktoba 20, 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa, akakamatwa. Kule Kapenguria alishtakiwa pamoja na wenzake watano kwa kuongoza Mau Mau. Mmoja wao ni Achieng' Oneko. Shika jina hilo, tutalirudia. Kenyatta alihukumiwa miaka saba na kazi ngumu, akapelekwa Lokitaung, jangwani Turkana. Kifungo kilipoisha 1959 bado hakuachiliwa aende nyumbani. Alizuiliwa Lodwar, halafu Maralal.

Wakati huo, kumtetea hadharani kulikuwa hatari. Jaramogi Oginga Odinga alimtetea hata hivyo, tena ndani ya baraza la kutunga sheria, mwaka 1958. KANU iliposhinda uchaguzi wa 1961, ilikataa kuunda serikali mpaka Kenyatta aachiliwe. Agosti mwaka huo alirudi Gatundu, baada ya karibu miaka tisa.

Sasa ukaja uchaguzi wa Mei 1963. Usidhani migawanyiko ilianza na sisi. KADU ya Ronald Ngala, Daniel arap Moi na Masinde Muliro ilitaka majimbo. Wafuasi wake wengi, Bonde la Ufa na Pwani, waliogopa kwamba makabila makubwa yangemeza kila kitu, kuanzia na ardhi. KANU ilitaka serikali moja yenye nguvu. KANU ikashinda, na Juni 1 Kenyatta akawa Waziri Mkuu.

Agosti 12 mwaka huohuo akaja Nakuru. Ukumbini walimngoja mamia ya walowezi wazungu wenye mashamba ya huku kwetu. Walikuwa na hofu kweli kweli. Wengine walishaanza kuuza na kufunga mizigo. Mbele yao alisimama mtu ambaye serikali yao ilikuwa imemfunga, na sasa yeye ndiye serikali. Angeweza kulipiza. Badala yake aliwaambia kila upande umekosea, kwamba ni lazima kusameheana, na anayetaka kubaki alime abaki. Wengi walibaki. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1964, KADU ilijivunja yenyewe na viongozi wake wakaingia KANU. Moi akapewa uwaziri.

Ningeishia hapo ungefurahi. Lakini haijaisha.

Katika uchaguzi huo wa 1963, watu wa Nakuru Mjini walimchagua mbunge ambaye nyumbani kwao ni Nyanza. Ndiye Achieng' Oneko. Kenyatta akamfanya waziri, naye Jaramogi akawa makamu wa rais. Mwaka 1966 wote wawili walitofautiana naye kuhusu ardhi na mwelekeo wa nchi, wakajiunga na chama kipya cha KPU. Oktoba 1969, Kenyatta alipokwenda Kisumu kufungua hospitali, maneno makali yakarushwa, mawe yakafuata, walinzi wakafyatua risasi na watu wakafa. KPU ikapigwa marufuku. Jaramogi akawekwa kizuizini hadi 1971, Oneko hadi 1975.

Umeona? Aliwasamehe waliomfunga, akamfunga aliyeshtakiwa naye.

Mimi chuo sikumaliza, lakini hesabu hii naiona. Walowezi walikuwa na mashamba, pesa na mazao ya kuuza nje, na nchi changa iliwahitaji. Kuwa mwema kwa mtu unayemhitaji kuna faida. Jaribio gumu zaidi ni yule mliyekula naye, mkateseka naye, halafu akapiga kura upande mwingine. Huyo ndiye anayeuma. Na huyo ndiye tunayemfuta kwanza kwenye simu.

Kenyatta alifariki Mombasa Agosti 22, 1978, na kiti chake kikachukuliwa na Moi, mtu wa chama kilichoshindwa 1963. Aliyekuwa mpinzani wako jana anaweza kuwa ndiye atakayekuzika.

Bado nina matumaini, na siyatoi hewani. Kama watu waliotoka vitani waliweza kukaa ukumbi mmoja hapa Nakuru, basi sisi tuliorushiana meme na matusi tunaweza kukaa kibanda kimoja cha chai. Ila ile siku moja ya Agosti haikutosha. Wema wa baada ya kura hauna akiba. Unaanza upya kila asubuhi, kama moto wa jikoni.

Kwa hivyo mrudishe jirani kwenye grupu. Kama ulishinda, anza wewe kupiga simu. Kama ulishindwa, pokea. Siasa zenu zibaki tofauti, hakuna ubaya. Lakini lile jembe mwendelee kuazimana.