Sofia Kovalevskaya: Mwanahisabati Aliyekuwa Mwanafasihi

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na wakati mwingine hata ukuta humlea mtoto. Sofia Kovalevskaya alizaliwa Moscow, Urusi, mnamo Januari 1850, akiwa binti wa jenerali wa kikosi cha mizinga. Familia ilipohamia shambani Palibino, karatasi za kupamba kuta hazikutosha. Chumba kimoja cha watoto kikabandikwa kurasa za mihadhara ya kalkulasi ya Ostrogradsky, ambazo baba yake alizinunua ujanani. Sofia alisimama mbele ya ukuta huo kwa saa nyingi akijaribu kubaini ukurasa upi uliufuata upi. Alipokuja kufundishwa somo hilo, alama zile hazikuwa ngeni kwake.

Hata hivyo, vyuo vikuu vya Urusi havikuwapokea wanawake, na msichana hakuweza kusafiri ng'ambo bila idhini ya baba au mume. Mwaka 1868 aliolewa na Vladimir Kovalevsky kwa ndoa ya jina tu, almuradi avuke mpaka. Alisoma Heidelberg kuanzia 1869, na mwaka uliofuata akaenda Berlin kwa Karl Weierstrass. Chuo kikuu cha huko kilimkataza hata kuketi darasani. Weierstrass akamfundisha faraghani kwa miaka 4. Mnamo 1874, Chuo Kikuu cha Göttingen kilimtunuku shahada ya uzamifu.

Moja kati ya kazi 3 alizowasilisha ilihusu milinganyo ya diferensia yenye zaidi ya kigeu kimoja, yaani milinganyo inayoeleza jinsi kitu kinavyobadilika, mathalani kwa mahali na kwa wakati. Swali lake lilikuwa la msingi: je, tuna hakika gani kwamba mlinganyo kama huo una jibu? Cauchy alikuwa ameshughulikia hali maalumu za swali hilo. Kovalevskaya alithibitisha kwa upana zaidi kwamba, iwapo mlinganyo na hali yake ya mwanzo vinaweza kuandikwa kwa mifululizo ya vipeo, na mlinganyo wenyewe una umbo linalofaa, basi jibu la aina hiyo lipo, na ni moja tu, karibu na mahali pa kuanzia. Aidha, alionyesha kuwa sharti la umbo si pambo: mlinganyo wa kuenea kwa joto, ambao haulitimizi, unaweza kukosa jibu la namna hiyo.

Pamoja na sifa hizo, hakupata kazi ya chuo kikuu. Alirejea Urusi, akaandikia magazeti, na mwaka 1878 akajifungua binti. Mwaka 1883 mumewe, aliyelemewa na madeni, alijiua. Ndipo Mittag-Leffler alipomwita Stockholm, Uswidi, alikoanza kufundisha 1884. Mnamo 1888 alishinda Tuzo ya Bordin ya Paris kwa utafiti kuhusu mzunguko wa kitu kigumu kilichoshikiliwa katika nukta moja. Waamuzi hawakujua jina la mwandishi, nao wakaongeza zawadi kutoka faranga 3,000 hadi 5,000. Mwaka 1889 akawa profesa kamili.

Fasihi nayo hakuiacha. Dadake Anna alichapishiwa hadithi na Dostoevsky, na Sofia mwenyewe aliandika kumbukumbu za utotoni pamoja na riwaya kuhusu msichana mwanamapinduzi. Riwaya hiyo ilitoka baada ya kifo chake. Nimonia ilimuua Stockholm mnamo Februari 1891, akiwa na umri wa miaka 41.

Swali alilolishughulikia lingali hai. Mwaka 1957 Hans Lewy alionyesha kuwa sharti la mifululizo likilegezwa, hata mlinganyo sahili unaweza kukosa jibu kabisa. Nayo milinganyo ya Navier na Stokes, inayoeleza mwendo wa maji na hewa, haijathibitishwa kama daima ina jibu laini katika nafasi ya pande 3. Taasisi ya Clay iliahidi dola milioni 1 kwa atakayelitatua fumbo hilo, mwaka 2000. Thibitisho la Kovalevskaya hutoa hakika karibu na mwanzo; kinachotafutwa sasa ni hakika ya safari nzima.