Mgeni Asiyesalimiwa

Miaka michache iliyopita niliteremka basi saa tano za usiku katika mji ambao sikuwa na mwenyeji hata mmoja. Gesti mbili zilikuwa zimejaa, na ya tatu sikuipenda kwa yale niliyoyaona mlangoni. Nikaenda msikitini. Geti lilikuwa na kufuli. Mlinzi akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba wageni hawaruhusiwi kulala tangu ziibwe spika. Nikarudi stendi, nikakaa kwenye benchi na begi langu mapajani hadi adhana ya Alfajiri.

Usiku ule nilimkumbuka Ibn Battuta.

Wengi tunamjua kama mtu aliyezunguka dunia. Tunasahau kwamba alianza akiwa kijana mpweke. Alizaliwa Tangier, Morocco, mwaka 1304, katika familia ya makadhi. Juni 1325, akiwa na miaka 21, aliwaaga wazazi wake akaenda Hija bila mwenzake wa njiani. Baadaye aliungana na msafara, lakini huko nako homa ilimpata, na mmoja wa wenzake akafia njiani.

Msafara ulipofika Tunis, watu wa mji walitoka kuwapokea ndugu zao. Huyu anakumbatiwa, yule anaulizwa habari za safari. Ibn Battuta hakupewa hata salamu, maana hakuna aliyemjua. Akalia machozi. Hujaji mmoja akamwona, akamsogelea, akamsalimu na kuzungumza naye mpaka wakaingia mjini. Akalala katika madrasa ya wauza vitabu. Kabla mwaka haujaisha, kijana huyo aliyekuwa akilia akachaguliwa kadhi wa msafara wa mahujaji uliotoka Tunis.

Tangu hapo maisha yake yalikuwa ya kulala kwa watu: madrasa, zawiya, na zile nyumba za wasafiri zilizoitwa khan. Njia ya Misri kwenda Sham ilikuwa na khan kila kituo, na nje yake maji ya watu na wanyama na duka la mahitaji. Nyumba nyingi za namna hii zilisimama kwa wakfu. Tajiri alitenga shamba au maduka, mapato yakawalisha watu ambao hatawaona kamwe.

Lakini si matajiri tu. Huko Antalya, katika Uturuki ya leo, mtu mmoja aliyevaa nguo kuukuu alimwalika chakula. Ibn Battuta akamwonea huruma, akidhani fukara yule hataweza kulisha kundi la wageni. Kumbe alikuwa fundi viatu, kiongozi wa mafundi wapatao 200 waliojenga zawiya yao. Mchana walifanya kazi, jioni walichanga walichopata, wakanunua chakula na kula na wasafiri. Katika mji wa Ladhiq, ambao leo ni Denizli, vikundi viwili vya vijana hao vilishika hatamu za farasi wa wageni, wengine wakachomoa visu. Ibn Battuta alidhani ni majambazi. Walikuwa wanagombea nani amkaribishe! Ikabidi wapige kura.

Kwetu pwani alifika mwaka 1331. Mogadishu aliwakuta vijana wakiifuata jahazi kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akimchagua mfanyabiashara wa kuwa mgeni wake. Yeye, kwa kuwa mwanachuoni, alipelekwa kwa kadhi na kulazwa katika nyumba ya wanafunzi. Mombasa alilala usiku mmoja tu, kisha akaenda Kilwa.

Sisemi alikuwa malaika. Alipenda zawadi za masultani, alioa na kuacha njiani, na wapo wanaotilia shaka kama kila alikosimulia alifika kweli. Na safari zilimgharimu. Mwaka 1348, akiwa Damascus, aliambiwa baba yake alikwishafariki miaka 15 nyuma. Aliporejea Morocco mwaka 1349, mama yake naye alikuwa amefariki miezi michache tu kabla.

Kitabu cha safari zake kilikamilika mwaka 1355, kwa amri ya sultani wa Fez, yeye akisimulia na Ibn Juzayy akiandika. Alikuwa amekwisha kuwa kadhi wa Delhi na mgeni wa wafalme wengi. Hata hivyo, miaka 30 baada ya siku ile, hakumwacha nje ya kitabu yule hujaji wa Tunis, ingawa jina lake hakulitaja.

Ijumaa iliyopita nilimuuliza katibu wa msikiti wetu kile chumba cha nyuma, kilichojaa majamvi mabovu na spika zilizokufa, kinaweza kulaza watu wangapi. Amesema atalifikisha kwenye kamati. Nitamuuliza tena Ijumaa hii, inshaallah.